Titi lililobaki: uliondoe au uliache? Mwongozo kwa aliyeugua saratani upande mmoja

Siku ya kutolewa nyuzi nilimwuliza daktari wangu: "Na hili lililobaki? Si mlitoe tu na lenyewe, nilale usingizi?" Alikuwa ameinama, anakata uzi wa mwisho. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, unaogopa nini hasa?" Niliona kama ananidharau. Miezi minne baadaye ndipo nilipotambua kwamba lile ndilo swali lenyewe.

Nilikuwa na miaka 44. Titi la kushoto limeondoka, dawa za kemo zinanisubiri, na nywele zangu bado ninazo. Tangu wakati huo nimeulizwa jambo hilohilo na wanawake wengi, kwenye mabenchi ya kliniki hapa Dar es Salaam na kwenye simu za saa sita usiku. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ambao ningependa na mimi ningeambiwa. Mimi si daktari. Namba nitakazotaja ni za tafiti za maelfu ya wanawake; ya kwako atakupa anayelijua faili lako.

Kwanza: tenganisha hofu mbili

Chukua karatasi, andika "Naogopa kwamba…" kisha umalizie bila kumwonea mtu haya. Ukimaliza, soma ulichoandika. Karibu kila mara utakuta hofu mbili zimefungwa kwenye khanga moja.

Hofu ya kwanza ni saratani ileile kurudi. Hii ndiyo inayoua, na haipiti kwenye lile titi zima, lisilougua. Chembe zikishatoroka kwenye titi la kwanza, hupita kwenye damu au kwenye tezi za kwapa, zikaenda kujificha kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Kuliondoa titi la pili hakuzigusi kabisa. Zinaguswa na kemo, vidonge vya homoni, na kwa wenye HER2 nyingi (protini inayoikuza saratani haraka), sindano za trastuzumabu.

Hofu ya pili ni saratani mpya kabisa kuota kwenye titi la pili, isiyo na undugu na ile ya mwanzo. Hapa upasuaji una kazi: unaipunguza kwa zaidi ya asilimia 90. Hauimalizi, maana hakuna daktari anayeweza kukwangua kila punje ya nyama ya titi iliyojishika kwenye ngozi na kuelekea kwapani.

Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa wanawake 108,084 wa Marekani waliokuwa na saratani upande mmoja. Waligawanywa makundi matatu yanayolingana: waliotolewa uvimbe tu, waliotolewa titi moja, na waliotolewa yote mawili. Waliotoa yote mawili walipata saratani ya upande wa pili mara chache sana kuliko wenzao. Lakini baada ya miaka 20, waliokufa kwa saratani ya matiti walikuwa asilimia 16.3 kwenye kundi la uvimbe, 16.7 kwenye kundi la titi moja, na 16.7 kwenye kundi la yote mawili. Rudia kuzisoma hizo namba tatu. Mimi nilizisoma mara nyingi nikidhani nimekosea mstari.

Ukiona karatasi yako yote ni hofu ya kwanza, hitaji lako la wiki hii ni kuongea na daktari wa kemo kuhusu dawa zako, na kuzimeza bila kuruka. Ukiona hofu ya pili imo, endelea.

Pili: jua uko kundi gani, na hapa usiharakishe

Wanawake wenye saratani upande mmoja hawalingani, na sehemu hii ndiyo inayobadilisha kila kitu.

Mimi nilihesabu kwa maharage. Nilimwaga maharage mia moja kwenye sinia, nikamwita binti yangu akae nami. Kwa mwanamke wa kawaida, asiye na jeni ya kurithi, kati ya mia moja, kama saba hupata saratani ya titi la pili ndani ya miaka 20. Tukatenga saba pembeni. Yaliyobaki kwenye sinia yalikuwa 93, na ndipo nilipoona kwa macho kitu ambacho maneno ya daktari hayakuwa yamenionyesha: kichwani mwangu nilikuwa nimeligeuza sinia zima upande wa pembeni. Na mwenye saratani inayoitikia homoni akimeza tamoksifeni (kimoja cha vile vidonge vya homoni) miaka mitano, hao saba hupungua tena, kwa karibu theluthi au zaidi.

Kisha tukahesabu upya kwa mwenye jeni. Aliyerithi hitilafu kwenye jeni iitwayo BRCA1 na akaugua titi moja, tenga maharage 40. Mwenye BRCA2, tenga 26. Ni miaka ileile 20. Hilo ni sinia jingine kabisa, na kwa wanawake hawa, hasa walioanza kuugua wakiwa wadogo, zipo tafiti zinazoonyesha kwamba kuondoa titi la pili huongeza na maisha yenyewe. (Maharage yale tuliyapika usiku uleule kwa nazi. Nyumba haikai na njaa kwa sababu ya takwimu.)

Kwa hiyo kazi yako ni kujua unatumia sinia lipi. Mambo yanayopaswa kukufanya uombe kipimo cha jeni ni haya: uliugua kabla ya miaka 50; saratani yako ni ile isiyoitikia homoni wala HER2, ambayo kwetu Afrika ni nyingi kuliko Ulaya; kuna ndugu wa damu aliyeugua matiti au ovari (mifuko ya mayai ya uzazi); kuna mwanamume kwenye ukoo aliyeugua titi. Tofauti na hayo, kama ulipigwa mionzi ya kifua ukiwa msichana kwa ajili ya ugonjwa mwingine, mwambie daktari, maana hilo nalo linaongeza hatari hata kama jeni ziko salama.

Kuuliza ukoo si kazi ndogo. Ndugu zetu hawasemi "saratani". Nilikwenda Muheza kwa bibi yangu mdogo kumwuliza shangazi yangu alikufa kwa nini. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwuliza moja kwa moja kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuugua saratani, akasema hakuna, ukoo wetu ni safi. Nikakaa, nikashika ungo wa pili. Baadaye nikauliza kwa njia nyingine: shangazi aliumwa wapi? Akanyamaza, akatoa chuya mbili tatu, akasema, "Alikuwa na jipu ziwani. Halikupona. Likawa linanuka mpaka watoto hawaingii chumbani. Tulijua karogwa." Kwa hiyo usiulize jina la ugonjwa. Uliza: alikuwa na kidonda ziwani? Tumbo lilijaa maji akaonekana mjamzito na hana mimba? (Hiyo yaweza kuwa ovari.) Alikuwa na umri gani, alikuwa ameshazaa wangapi? Na usiache upande wa baba. Jeni hizi hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba anaweza kukupitishia bila yeye kuugua hata siku moja.

Kipimo chenyewe ni damu au mate. Kwetu mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo uliza mapema bei na muda wa kusubiri, na uliza nani atakaa nawe kukufafanulia majibu. Majibu huja kwa namna tatu. Ipo hitilafu inayojulikana, haipo, au ipo tofauti ambayo sayansi haijajua maana yake. Hiyo ya tatu hutupata sana sisi Waafrika, kwa sababu kumbukumbu za jeni duniani zimejaa damu za Wazungu. Usikubali titi likatwe kwa ajili ya jibu la namna ya tatu. Wengi wa wenye jibu hilo baadaye huambiwa halikuwa na madhara.

Yangu yalirudi ya namna ya pili.

Kuna jina ambalo lazima litajwe kwenye mazungumzo haya, la Angelina Jolie, mwigizaji wa sinema wa Marekani. Mwaka 2013 alitangaza kwamba ametoa matiti yote mawili. Watu wanasahau mambo mawili: hakuwa na saratani, na alikuwa na BRCA1. Aliyekwambia "hata yule msanii alitoa" anakupa sinia la mtu mwingine. Halafu mwaka 2015 akatoa na ovari, na hilo ndilo linalosahaulika zaidi. Ukikutwa na jeni, swali la ovari huenda likawa zito kuliko la titi, kwa sababu titi lina mamografia (picha ya eksirei ya titi), ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuiwahi. Kwa BRCA1 madaktari hushauri ziondolewe kati ya miaka 35 na 40, kwa BRCA2 kati ya 40 na 45, ukiwa umemaliza kuzaa.

Tatu: weka saa mezani

Titi zima halina haraka. Lenye saratani ndilo lenye haraka. Kufanya yote mawili siku moja kunaongeza maradufu sehemu zinazoweza kuharibika: kidonda kuingia usaha, maji kujaa chini ya ngozi, ngozi ya pembeni kufa. Na ikiharibika upande ule uliokuwa mzima, kemo inacheleweshwa kwa ajili ya titi lisilokuwa na shida. Huo ndio mkopo mbaya kuliko yote.

Mimi huwashauri wenzangu wamalize kemo, wamalize mionzi, wapumzike, kisha waulize tena. Wengi swali linakuwa limepoa. Wengine linakuwa limekomaa, na hao wanaamua vizuri. Walio na jeni iliyothibitishwa kabla ya upasuaji, na saratani bado changa, wanaweza kupendelea nusu kaputi moja badala ya mbili. Hilo waliamue na daktari wao. Na kama saratani imeshafika kwenye mifupa au ini, titi zima liachwe, nguvu ziende kwenye dawa.

Nne: jua unachotoa

Watu hupigia hesabu kovu. Kovu ni dogo. Kikubwa ni ganzi. Kifua kinabaki kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno, na sehemu kubwa ya ganzi hiyo haiondoki. Mjukuu akilaza kichwa pale, unamwona, humsikii. Kwa mke na mume, hilo ni jambo la kuzungumza kabla. Kwa msichana ambaye bado anataka kuzaa, titi lililobaki linaweza kunyonyesha peke yake mtoto akashiba. Likiondoka, maziwa ndiyo basi. Wapo pia wanaobaki na maumivu ya kuchoma kifuani kwa miaka.

Halafu mirija. Unatoka wodini na mrija mmoja au miwili kila upande, kila mmoja na chupa yake ya kukusanya maji, na unaandika kwenye daftari yametoka kiasi gani asubuhi na jioni. Mwenzangu mmoja aliyetoa yote mawili alifunga chupa nne kwenye mkanda wa khanga kiunoni, juu akavaa dera. Wageni wakaja kumpa pole, wakasema, "Unaonekana mzima." Alikuwa hawezi hata kujifuta kwa maji chooni kwa sababu mikono yote miwili haifiki nyuma. Aliyetolewa titi moja ana mkono mmoja wa kazi. Wa mawili hana. Panga nani atakuogesha wiki mbili za mwanzo, na asiwe mtu unayemwonea haya.

Kutengenezewa matiti mapya ni upasuaji mwingine, mara nyingi zaidi ya mmoja, na kwetu wanaoufanya ni wachache. Uliza mapema kama upo na kwa bei gani. Usiamue kutoa kwa ahadi ya kurudishiwa.

Tano: kama tatizo ni mizani, kuna njia nyingine

Wako wanaotaka titi la pili liondoke si kwa kuogopa saratani ila kwa sababu linawasumbua. Ni sababu halali kabisa, mradi iitwe kwa jina lake. Mwenye matiti makubwa akibaki na moja, bega linavutwa, shingo inauma, nguo haikai. Kabla ya kisu jaribu titi bandia lenye uzito. La silikoni ni ghali na kwa joto la Dar linatoa jasho. Langu la kwanza lilishonwa na fundi cherehani wa mtaani: mfuko wa pamba, ndani punje za mtama, umbo la tone la maji, nalivaa kwenye sidiria yenye mfuko. Mtama una uzito na haukwepi ukiinama. Ukifua, mwaga mtama kwanza. Nilisahau mara moja, ukaota.

Likishindikana hilo, uliza kuhusu kupunguzwa titi lililobaki. Chuchu na hisia mara nyingi hubaki.

Sita: umbali wako na mamografia

Hapa naachana kidogo na vitabu. Chama cha madaktari wa upasuaji wa matiti wa Marekani kilitamka mwaka 2016 kwamba mwanamke mwenye hatari ya kawaida asihimizwe kutoa titi zima. Ushauri wao ni mzuri, na huko ulihitajika: kati ya 2002 na 2012 waliotoa yote mawili waliongezeka kutoka asilimia 3.9 hadi 12.7. Lakini wao wanapiga hesabu kwa mtu ambaye mamografia iko ng'ambo ya barabara. Wale saba kwenye sinia wanapona sana kwa sababu wanawahiwa. Mama wa Mpanda au Lodwar, ambaye kila kipimo ni nauli, kulala kwa ndugu na siku tatu za shamba, ana haki ya kuiweka safari hiyo kwenye mizani. Bado, kwa mtu wa kundi la kawaida, ningemwambia atafute kwanza jinsi ya kuipata mamografia moja kwa mwaka kabla ya kutafuta kisu. Mwenye jeni anayeamua kuliacha titi anahitaji zaidi ya hapo, MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya matiti kila mwaka pamoja na mamografia. Kama MRI haipatikani au hailipiki kwake, hiyo ni sababu nzito ya kuelekea upande wa kuondoa.

Saba: wa nyumbani

Waambie wachache, na waambie umefika wapi. Usiwaulize "mnaonaje" ukiwa bado hujui kundi lako. Mume atakayesema "toa tu, mimi nakutaka ukiwa hai" anasema kwa upendo, lakini naye ana ile hofu ya kwanza, aketishwe mbele ya sinia. Atakayesema "usitoe, utabaki mwanamke gani" asikilizwe, lakini asiwe yeye wa kusaini. Kwa kweli saini ni yako. Hata pale wodini wanapoomba ndugu aje, mwenye mwili ni wewe.

Wa kwenda nao kwa daktari ni yule anayeandika. Mpe daftari, na maswali haya: Kwa saratani yangu mimi, hatari ya titi la pili ni wangapi kati ya mia kwa miaka kumi? Hatari ya ile ya kwanza kurudi ni wangapi? Ukilitoa, namba ya pili inabadilika? Nikisubiri mwaka, napoteza nini? Kidonda kikiharibika, nani anagharamia? Daktari asiyetoa namba hata ya kukadiria, nenda kwa wa pili na faili lako. Si utovu wa adabu. Na bima yako, iwe NHIF ya Tanzania au SHA ya Kenya, iulize kwa maandishi kama inalipia titi lisilo na ugonjwa.

Ukishaamua

Ukiliondoa: madera au mashati ya vifungo vya mbele matano, mito miwili ya kuweka chini ya mikono, daftari la mirija, na mazoezi ya bega kuanzia siku utakayoruhusiwa. Nyama iliyotolewa ipelekwe maabara hata kama titi lilionekana zima, na majibu uyafuate mwenyewe. Mara chache hukutwa kitu. Kifua uendelee kukipapasa. Mamografia hutaihitaji tena upande huo.

Ukiliacha: kipimo kila mwaka, mwezi uleule, ili usisahau. Ukibadilisha hospitali, nenda na picha za zamani, kwa sababu anayesoma anatafuta kilichobadilika tangu mwaka jana, na bila ya jana anakisia tu. Zangu zinakaa chini ya godoro kwenye bahasha ya kaki, zimelazwa zisikunjike, ya juu kabisa ni ya Novemba.